Stu Ungar: Msee Aliyechapa Watu Karata Hadi Akakosa wa Kucheza Naye

Kila mbogi iko na huyo msee. Stima zimepotea, simu ziko na chaji mbili mbili, mtu anatoa pakiti ya kadi, mnakaa chini. Raundi ya kwanza anashinda yeye. Ya pili yeye. Ya tatu anakuangushia Joker, unaokota tano, na ukiwa bado unazipanga mkononi yeye tayari ametangaza ako kadi, na anacheka. Kufikia raundi ya sita mmoja amekumbuka ako na nguo za kufua, mwingine anajifanya amelala, na pakiti imerudi kwa droo. Hata saa tatu haijafika.

Kama umefikiria mbogi yenu na hujaona huyo msee ni nani, pole, kuna uwezekano ni wewe.

Leo nakupea story ya mnoma kuliko hao wote. Jamaa anaitwa Stu Ungar. Kuna mchezo mmoja wa karata alikuwa mkali hivi kwamba alishinda kila mtu, halafu akajipata hana mtu. Alikufa 1998, labda hata hukuwa umezaliwa. Lakini kosa lake liko kwa kila keja yenye kadi.

MTOTO WA FOX'S CORNER

Stuart Errol Ungar alizaliwa 8 Septemba 1953 huko Manhattan, New York, familia ya Kiyahudi, akalelewa upande wa Lower East Side. Mzae wake aliitwa Isidore, mtaani wakamfupisha akawa Ido. Ido alikuwa na baa inaitwa Fox's Corner. Kwa jina ilikuwa baa, lakini kwa ukweli ilikuwa base ya kubet. Ido alichukua beti za watu na pia alikuwa shylock, unajua hao wa kukukopesha leo halafu kesho unabadilisha njia ya kwenda nyumbani.

Sasa ucheki. Huyu mzae aliona kila siku venye kamari inamaliza wateja wake, kwa hivyo hakutaka kijana wake aingie huko. Lakini utamfungia mtoto nje ya kitu ambacho ndicho kinamlisha? Stu alikuwa anacheza Gin Rummy kimya kimya, na akiwa na miaka kumi akashinda mashindano ya gin. Wewe ukiwa na miaka kumi ulikuwa unacheza bano.

Mwaka wa 1967 Ido akafa ghafla, moyo. Mathee naye akapigwa na stroke, hakuwa wa kujisimamia tena. Stu akaacha shule, akaanza kutafuta doh ya nyumba na kitu moja tu alikuwa anajua: karata.

GIN NI MCHEZO WA AINA GANI?

Ngoja nikuelezee, maana bila hii hautaelewa shida ilianzia wapi.

Gin mnacheza watu wawili. Kila mtu anapewa kadi kumi. Ikifika zamu yako unaokota moja, unatupa moja. Unajaribu kupanga makundi: kadi tatu ama nne za namba moja, au zinazofuatana za aina moja, kama tano, sita na saba za kopa. Zile zimebaki bila kundi ndio mzigo wako. Mzigo ukishuka hadi pointi kumi ama chini, unaweza kugonga meza na kumaliza mkono. Ukiisha kabisa, hiyo sasa ndio gin, na unalipwa pointi za ziada.

Siri ya mchezo iko kwa zile kadi zinatupwa. Kila kadi mwenzako anaokota, na kila kadi anaipita kama haioni, anakuambia ako na nini mkononi. Wengi wetu tunakumbuka kadi tatu ama nne za mwisho. Stu alikuwa anakumbuka zote, na mpangilio wake. Baada ya zamu chache alikuwa anaujua mkono wako karibu kama wewe mwenyewe. Ukitafuta nane, hautaiona. Amekalia hiyo nane kama kuku na yai.

Akiwa na miaka kama 18 akashikwa mkono na Victor Romano, msee aliyejulikana kuwa karibu na mafia wa New York. Romano alimpenda kama mtoto wake. Alimwekea doh ya kuchezea, na muhimu zaidi, alimchunga asipigwe. Kwa sababu Stu alikuwa na mdomo. Alikuwa kijana mdogo, mwembamba, sura ya mtoi, na akikushinda hakunyamaza. Alikuambia pale pale, watu wakisikia, venye umecheza vibaya. Kadi gani ungeshika, gani ungetupa, na kwa nini mtu kama wewe angebaki nyumbani.

Hapo ndio nataka uanze kuangalia vizuri. Kuna kushindwa, na kuna kushindwa halafu ukafanyiwa masahihisho kama mtoi wa darasa la nne. Ya kwanza unarudi kesho kulipiza. Ya pili unatafuta marafiki wengine.

MECHI ILIYOMALIZA MTU

Stu alikuwa na deni nyingi za kubet farasi New York, kwa hivyo miaka ya sabini katikati akahama, akapitia Miami, na 1977 akatua Las Vegas. Kabla na baada ya hapo wasee walioitwa wakali wa gin walikuwa wanakuja kumpima, mmoja mmoja.

Story inayosimuliwa zaidi ni ya Harry Stein, mtaani wakimwita Yonkie. Huyu hakuwa mgeni wa mchezo. Wengi walimhesabu kati ya wachezaji bora kabisa wa gin. Akakaa chini na Stu, na matokeo yanayosimuliwa hadi leo ni michezo 86 kwa nunge. Sio 86 kwa 40. Nunge. Baada ya hapo Stein akapotea kwa meza za gin, hakuonekana tena akicheza mchezo wa maisha yake.

Ukisoma haraka utasema wueh, huyu Stu ni noma. Lakini soma tena polepole. Kulikuwa na watu wachache sana duniani ambao wangempea Stu mechi ya ukweli, mtu wa kumfanya atoe jasho. Akampata mmoja, na akamchapa hadi msee akaacha mchezo. Alikuwa amechoma daraja akiwa bado amelisimama.

Na habari zikaenda mbio. Wachezaji wa gin wakaanza kumkwepa. Mashindano ya gin Las Vegas yakafika mahali kasino zikamwomba Stu asiingie, kwa sababu wengine walikuwa wanasema kama yeye ako, wao hawako. Fikiria uko mkali kwa kitu hadi unaombwa kwa heshima ubaki nyumbani.

AKAJARIBU KUREKEBISHA

Hapa ndio story inakuwa tamu, kwa sababu Stu hakuwa mjinga. Aliona meza imekauka na akajaribu kuwavutia watu warudi. Akaanza kuwapa nafuu.

Ya kwanza, alikubali mwenzake aangalie kadi ya mwisho kabisa ya pakiti kabla hawajaanza. Kwa gin hiyo sio kitu kidogo. Ile kadi haitafika kwa mkono wa mtu yeyote, kwa hivyo wewe ukiijua, tayari unajua kundi fulani haliwezi kukamilika, na Stu hajui. Ya pili, alikubali yeye ndio awe anagawa kadi kila mkono, na kwa gin anayegawa anaanza nyuma kidogo kwa sababu mwenzake ndio ana nafasi ya kwanza ya kuchukua. Ya tatu, na hii inachekesha, alikuwa anakurudishia sehemu ya doh ukishindwa. Kama duka inakupunguzia bei ndio urudi.

Na bado hawakurudi vile alitaka.

Kwa nini? Hesabu alikuwa ameiweka sawa. Kwa karatasi, mtu mwenye nafuu tatu hivyo angekuwa na nafasi. Lakini kitu kilichofukuza watu hakikuwa kwa karatasi. Stu mwenyewe alikuja kukiri kwamba alichopenda zaidi ni kumwona mwenzake akivunjika polepole, ile dakika mtu anajua hawezi kushinda na uso unabadilika. Hiyo ndio ilikuwa raha yake. Sasa raha yako ikiwa ni uso wa mwenzako ukianguka, hata umpe kadi ya kuchungulia, hata umrudishie nusu ya pesa, anajua amekaa hapo kama chakula.

Ajabu ni kwamba nje ya meza Stu hakuwa bahili hata kidogo. Waliomjua wanasema alikuwa anatoa doh kama maji. Alitembea na noti mfukoni, na ukiwa umekwama angekupea bila kuuliza utarudisha lini. Kwa hivyo sio ati hakujua kutoa. Pesa yake ungepata. Raha ya meza ndio alikuwa anakula peke yake.

KUHAMIA POKA

Gin ikakauka, Stu akahamia poka. Mwaka wa 1980 akaingia mashindano makubwa zaidi ya poka duniani, World Series of Poker, yaliyokuwa yanafanywa kwa kasino ya Binion's Horseshoe hapo Las Vegas. Kiingilio kilikuwa dola 10,000. Aina ya poka iliyochezwa, Texas Hold'em, hakuwa mzoefu nayo hata kidogo. Walikuwa wachezaji 73. Mwisho akabaki na Doyle Brunson, gwiji aliyekuwa ameshinda hilo taji mara mbili, na akamshinda. Akiwa na miaka 26, sura ya mtoto wa shule, wakamwita The Kid. Mwaka uliofuata, 1981, akarudi akachukua tena.

Lakini mdomo ulikuwa bado ule ule. Hiyo 1981 karibu azuiwe kucheza kwa sababu alikuwa amemtemea mate mgawa kadi wa hiyo kasino. Bingwa mtetezi, na karibu afungiwe nje ya mlango wake mwenyewe.

Sasa uliza swali: kwa nini poka haikukauka kama gin? Majibu ni mawili, na yote yatakusaidia kwa keja yako.

Moja, poka mnakaa wengi, watu wanane ama tisa. Ukishindwa, umeshindwa katikati ya watu, na kuna mwingine ameshindwa zaidi yako. Gin mko wawili tu. Hakuna mahali pa kujificha.

Mbili, poka ina bahati ya kutosha mtu dhaifu ashinde leo. Ikipita miaka, mkali atakuwa mbele. Lakini usiku mmoja, msee asiyejua kitu anaweza kuondoka na mzigo na story ya kusimulia mwaka mzima. Hiyo story ndio inamrudisha. Meza inaishi kwa sababu wanaoshindwa wanaonja pia.

Na ucheki kinyume chake. Stu alikuwa anabet kwa kila kitu: farasi, mechi, hadi gofu ambayo hakuijua. Huko alikuwa anachapwa vibaya, doh ya poka inaishia kwa mashimo ya gofu. Na huko hakuwahi kukosa wachezaji. Walikuwa wanampigia simu wao. Msee yule yule, mdomo ule ule, lakini mahali wengine walikuwa na nafasi, viti vilijaa.

MIAKA YA GIZA

Sitakuficha, maisha yake hayakuisha poa. Alimwoa Madeline 1982 na wakapata binti, Stefanie, lakini ndoa ikavunjika miaka michache baadaye. Kokeini ikamshika. Mwaka wa 1990, katikati ya World Series, akapatikana hotelini amezimia, hakuweza kurudi mezani. Na alikuwa amekusanya chipu nyingi hivi kwamba kiti chake tupu kilimaliza nafasi ya tisa. Kiti kikacheza bila yeye.

Halafu kukaja 1997. Stu alikuwa hana kitu. Rafiki yake wa zamani kwa poka, Billy Baxter, akamlipia zile dola 10,000 za kuingia, dakika za mwisho kabisa. Walikuwa wachezaji 312. Stu alivaa miwani ya duara ya bluu kuficha venye kokeini ilikuwa imemharibu pua, na akabeba picha ya binti yake. Akashinda. Miaka 16 baada ya taji lake la pili, akachukua la tatu na dola milioni moja, akagawana na Baxter nusu kwa nusu.

Hiyo wiki watu walikuwa wanamshangilia. Na angalia aliyemrudisha mezani: sio memory yake, ni msee mwingine aliyetaka kumwona akicheza. Bila Baxter, ule ukali wote ungekaa nje ya kamba ukiangalia.

Nusu yake haikudumu. Iliisha kwa dawa na beti ndani ya miezi. Mwaka uliofuata Baxter akawa tayari kumlipia tena, na Stu akashindwa kutokea. Tarehe 22 Novemba 1998 akapatikana amekufa kwa chumba cha moteli ya bei ya chini Las Vegas, peke yake, miaka 45. Moyo ulikuwa umechoshwa na miaka ya dawa. Alikuwa na kama dola 800. Mazishi, wasee wa poka wakachanga.

Sitakudanganya ati kukosa wachezaji wa gin ndio kulimuua. Dawa ndizo zilimmaliza, na hiyo ni vita nyingine kabisa. Mwaka wa 2001 wakamwingiza kwa ukumbi wa magwiji wa poka, na hadi leo ukiuliza nani alicheza gin kuliko wote, jina ni moja. Lakini mchezo aliopenda zaidi, ule alijua hakuna binadamu anamfikia, aliuacha akiwa kijana kwa sababu kiti cha pili kilikuwa tupu. Hiyo sehemu haikuletwa na dawa. Alijiletea.

SASA WEWE NA KADI ZAKO

Sikuambii ujiangushe ndio wengine washinde. Watu wanajua ukijiangusha, na hiyo ni dharau mbaya kuliko kuchapwa. Cheza ya ukweli. Lakini kadi za keja sio za kulipa rent. Mmekaa hapo kupitisha usiku, na usiku ni wa wote.

Ukimwona mwenzako anatupa kadi ya ujinga, nyamaza, isipokuwa akikuuliza. Akikuuliza, mwambie polepole, sio kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Ukishinda tatu mfululizo, badilisha kitu: leta mchezo wenye bahati zaidi, chezeni wawili wawili, na wewe uchukue yule mgeni wa mchezo awe wako. Utashangaa venye kushinda na mtu asiyejua ni kugumu na ni kutamu kuliko kumchapa. Na yule aliyemaliza kwa bahati tu, muache aringe. Hiyo ringa ndio itamleta Ijumaa ijayo.

Halafu kuna hii ya mwisho, na hii Stu hakuijua hadi ikawa too late. Nafuu sio kadi tu. Unaweza kumpa mtu kadi mbili za kuanzia na bado umkalie kama anakusumbua. Yeye anaangalia uso wako, sio kadi. Kama unafurahi kuwa na yeye hapo, atachapwa usiku mzima na atakuambia ilikuwa fiti. Kama unafurahia tu yeye kuchapwa, atakumbuka nguo za kufua.

Kwa hivyo wikendi hii stima zikipotea, kabla ugawe, angalia walioketi. Wahesabu. Halafu mkimaliza, wahesabu tena.